Kompyuta Inayoamka na Watu Wake

Kompyuta mpakato nyumbani kwetu ni moja, na wenyewe ni watano. Ilifika wakati ukiiwasha asubuhi unabandika chai, inachemka, unamimina, na kile kiduara bado kinazunguka.

Kikiacha kuzunguka ndipo vituko vinapoanza. Ya kwanza kujitokeza ni programu ya printa, inatangaza kwamba wino umekwisha. Printa yenyewe tulishamgawia binamu tangu mwaka juzi! Inafuata ya mikutano, inadai nenosiri. Halafu mchezo wa mpira wa shemeji unaanza kujisasisha kwa bando langu. Alfajiri moja, mama mkwe akiwa sebuleni na tasbihi yake, programu ya redio ya mtandaoni ikajifungua yenyewe na kumwaga singeli kwa sauti yote. Mama mkwe hakusema neno. Alifunga kifuniko cha kompyuta, akaweka mto juu yake, akaendelea.

Baba watoto akatoa hukumu: virusi. Fundi wa mtaani akakubaliana naye bila hata kuiwasha, akataka elfu thelathini apige Windows upya.

"Baba, siyo virusi," akasema binti yetu wa kidato cha tatu. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager likafunguka, akaenda sehemu ya Startup, ambayo imekuwa humo tangu Windows 8. Enzi za Windows 7 tulikuwa tunaandika msconfig, na wengi wetu hatukuijua hata hiyo. Hapo yakajipanga majina ya programu zote zinazoamka pamoja na kompyuta, na mbele ya kila jina uzito wake. Inayoandikwa High ni ile inayotumia kichakataji kwa zaidi ya sekunde 1, au kusoma na kuandika kwenye diski zaidi ya MB 3 wakati wa kuwaka. Diski yetu ni ya zamani, ile ya kuzunguka, na zote zilikuwa zinaigombania kwa pamoja.

Nikauliza zilijiandikisha lini. Zimeingia kama shemeji alivyoingia kwetu, kwa wiki mbili za usaili. Unaposakinisha programu kuna kiboksi kidogo ambacho tayari kimewekwa tiki, nawe unabonyeza Next, Next, ili umalize haraka. Shemeji alisikia. Akaongeza chapati.

Binti akabonyeza kila jina la usumbufu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua Disable, akaizima kompyuta na kuiwasha. Chai haikuwahi hata kupata joto.

Mambo yangeishia hapo kama baba watoto asingeonja utamu. Usiku, watu wamelala, akaifungua ile orodha na kuzima kila jina asilolifahamu, pamoja na programu inayopeleka mafaili yangu mtandaoni. Kompyuta ikawa inawaka upesi kweli, akatamba nayo hadi kijiweni.

Kikao cha VICOBA, ambako mimi ndiye mtunza vitabu, nikaenda na simu tu, maana vitabu vyote navifungulia humo. Nikasoma marejesho. Mwanachama mmoja nikamsoma kwamba bado anadaiwa laki mbili. Akasimama, akafungua pochi taratibu, akatoa karatasi ya malipo yenye sahihi yangu mimi mwenyewe. Kikao kizima kikanigeukia. Kumbe faili la kwenye simu lilikuwa la mwezi uliopita. Jipya lilikuwa limelala salama nyumbani kwenye kompyuta, halina wa kulipeleka mtandaoni.

Baba watoto alijitetea kwamba alikuwa "anasafisha". Binti akabonyeza Enable kwenye jina moja tu, akaizima kompyuta na kuiwasha, na faili likapanda, kwa sababu Disable haifuti programu: inaizuia kujiwasha, na wewe ukiihitaji unaifungua mwenyewe. Ya printa tuliiondoa moja kwa moja kupitia Settings, sehemu ya Apps. Ule mchezo wa mpira ulijirudisha kwenye orodha baada ya kusasishwa, ikabidi uzimwe tena.

Nawe kompyuta yako ikianza uvivu, ipitie orodha hiyo kabla hujampelekea fundi elfu thelathini. Jina usilolijua waulize kwanza wenzako wa nyumbani, na la antivirusi usiliguse.