Tulikwenda Kutazama Maji

Mama mkwe wangu alipofika Ruiru kutoka Malindi, shule zilikuwa zimefungwa na watoto wamejaa nyumbani. Alipokea shikamoo zao, akawagawia mabuyu hadi vidole na midomo ikawa myekundu, kisha akaketi na kuuliza: "Haya, huku kwenu kuna kitu gani cha kumtembeza mgeni?"

Mimi na baba watoto tukatazamana. Tumekaa Kaunti ya Kiambu tangu kabla ya kifunguamimba wetu kuzaliwa, lakini kwetu Kiambu imekuwa mahali pa kulala. Alfajiri tunadandia matatu kwenda Nairobi, jioni Barabara ya Thika inaturudisha tukiwa hoi. Wengi tunaishi hivyo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 2,417,735 Kiambu, kaunti ya pili kwa wingi wa watu baada ya Nairobi yenyewe, na hapa Ruiru ghorofa zinaota kila kona. Mgeni akija tunampeleka Nairobi, utadhani kaunti yetu haina lake. Hilo linaniuma, kwa sababu si kweli.

Usiku ule ukageuka baraza. Baba watoto alitaka Kilimambogo, mlima unaoonekana kutoka paa la ploti yetu asubuhi isiyo na ukungu. Ni mbuga ya taifa tangu 1967, kilele chake kina mita 2,145, na nyati walioupa jina bado wamo. Huko juu kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Husimuliwa kwamba azma ilikuwa azikwe kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa kupanda, akazikwa njiani. Kifunguamimba hakutaka habari za makaburi. Yeye alitaka Paradise Lost, kando ya Barabara ya Kiambu, kwenye mapango na ziwa la mashua, kwa kuwa wenzake walikuwa wamepiga picha huko. Wa kati akashikilia bustani ya mugumo mjini Thika. Shuleni alifundishwa utabiri wa Mugo wa Kibiru, kwamba mti ule ukianguka utawala wa mkoloni umekwisha, na jinsi wakoloni walivyoujengea kizuizi usianguke. Kitindamimba alitaka popote penye soda.

Bibi yao aliwasikiliza wote hadi wakanyamaza. "Wajukuu zangu, bahari naijua. Maji yakijaa nayajua, yakipwa nayajua. Yanayoanguka sijayaona. Nipelekeni huko."

Maporomoko ya karibu ni ya Mto Chania, mjini Thika, ubavuni mwa hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Lakini baba watoto akashauri Fourteen Falls, kwenye Mto Athi, mpakani mwa Kiambu na Machakos, kwa sababu yako chini ya Kilimambogo, na hivyo naye angeuona mlima wake kwa karibu. Shauri likapita. Tukachagua Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba.

Sasa lazima nieleze habari ya maji ya nyumbani, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Ploti yetu iko kwenye mgao, na mgao wenyewe hauna ratiba ya kuaminika. Maji huja yanapotaka, mara nyingi usiku wa manane, na sisi wa ghorofa ya tatu ndio wa mwisho kuyaona. Kwa hiyo kila nyumba huacha mfereji mmoja wazi. Ukianza kukoroma, mtu huruka kitandani akajaza mitungi. Wiki ile mifereji ilikuwa mikavu kabisa, tukawa tunanunua maji ya mkokoteni. Mama alishindwa kuelewa. Kwake Malindi ana kisima uani. "Mwanangu," aliniambia, "mvua inanyesha hapa karibu kila jioni, nanyi mnanunua maji kwa mtungi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Tuliamka kabla ya jogoo. Mama akakaanga mahamri, mimi nikapika pilau. Tulipopakua chakula kwenye sufuria la safari, lile la kupikia likabaki na ukoko mgumu chini, likawekwa ndani ya sinki lilowe kwa kikombe cha maji tuliyobakiwa nayo. Lilikaa barabara juu ya tundu. Mfereji juu yake ndio tuliouacha wazi, kama desturi ya ploti. Tukafunga mlango, ufunguo nikautia mkobani, tukaondoka na mkeka, chupa ya chai na sufuria limefungwa kwa leso.

Thika tulibadilisha matatu, tukapanda ya kuelekea Donyo, chini ya Kilimambogo, kwa Barabara ya Garissa. Makanga alitaka sufuria liwekwe juu ya gari. Mama akamwita pembeni. "Mwanangu, hiki ni chakula cha watoto. Kikimwagika huko juu, wewe ndiye utakayewalisha?" Kijana akainamisha kichwa. "Pole, shosho." Akampisha kiti cha mbele, na sufuria likasafiri mapajani mwake, likipita katikati ya mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, Kilimambogo ukizidi kukua dirishani.

Kabla ya kuyasikia maporomoko, tuliyanusa. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu pale ni mahali pazuri mno. Mto unafika ukingo mpana wa miamba, unajigawa mikondo, na kila mkondo unachagua njia yake ya kushuka. Wakati wa kiangazi mikondo 14 iliyopapa jina huhesabika vizuri. Mvua zikikolea huungana na kuwa pazia moja linalonguruma. Siku ile ilikuwa katikati ya hali hizo, na watoto wakabishana, kila mmoja na hesabu yake. Vijana wa pale walikuwa wakijirusha kutoka juu ya mwamba hadi kwenye kilindi kwa malipo kidogo, na mashua zikivusha watu hadi karibu na pazia la maji. Familia zilikuwa zimetandika mikeka kila penye kivuli.

Mama alisimama akanyanyua mikono. "Subhanallah." Alirudia neno hilo hadi macho yakamlenga machozi. Kisha akavuta ncha ya leso, akaziba pua. Chini ya maporomoko maji yalikuwa yamejaa mapovu mazito kama ya beseni la kufulia, yakielea vipande vipande, na kwenye mapovu mlikuwa na chupa za plastiki, mifuko na nepi. Upepo ulipogeuka, watu waliokuwa wakila waliacha kula.

Akamwuliza mwenye mashua: "Mto huu unatoka wapi?"

"Maji yanatoka Nairobi, mama. Hata ya Ruiru yamo humu," kijana akajibu, akionyesha mapovu. "Mvua ikinyesha huko, sisi tunajua kwa harufu."

"Na unakwenda wapi?"

Hapo baba watoto akalichukua swali. Akamweleza mamake kwamba Athi unashuka Machakos, unapita kati ya Makueni na Kitui, unaingia Tsavo, unapokutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki.

"Sabaki ipi? Sabaki yetu?"

"Hiyo hiyo, mama."

Mama akaketi juu ya jiwe. Watu wa Malindi wanaujua Sabaki kwa jinsi unavyobadilisha bahari yao. Mvua zikinyesha bara, mto huleta udongo, na maji ya pwani hugeuka rangi ya kahawia, hata wageni waliokuja kuogelea hubaki wakitazama tu. Alituambia kwamba tangu utotoni aliambiwa ni udongo wa bara, akaridhika. Miaka ya karibuni alikuwa akiona pia ndara na plastiki zikitupwa ufukweni, akalaumu vijana wa mtaani kwake. "Kumbe si udongo tu," akasema, "na si vijana wetu peke yao."

Wakati huohuo kitindamimba alikuwa amechutama ukingoni na dada yake, maji yakampokonya ndara moja. Akaangua kilio kilichoshinda maporomoko. Bibi yake akamvuta. "Nyamaza, baba. Nikirudi nyumbani nitakwenda kuitafuta Mambrui." Alisema kwa dhati kabisa, na mtoto akamwamini, akanyamaza.

Tulikuwa ndiyo kwanza tunafungua leso ya pilau, mbali na upepo, simu yangu ikalia. Jirani wa mlango wa pili. "Mama, uko wapi? Maji yamekuja! Kwenu yanatoka chini ya mlango, yameshafika ngazini!"

Sitasahau jinsi tulivyokusanya mkeka ule. Baba watoto akambeba kitindamimba mwenye ndara moja, wa kati akakumbatia chupa ya chai, na mama akajitwika sufuria bila neno. Ikawa patashika ya kupata gari, maana sikukuu ilikuwa imewatoa watu wote majumbani. Thika tukakwama kwenye msongamano. Kitu kilichotuokoa ni pilau. Watoto walikuwa na njaa, na abiria walikuwa wameisikia harufu. Mama akalifungua sufuria palepale kwenye kiti, akawapakulia wajukuu, kisha akaanza kupitisha vikombe vya chai vilivyojaa pilau hadi viti vya nyuma. Makanga akala, dereva akala akiwa na mkono mmoja kwenye usukani kwa kuwa hatukuwa tukienda popote. Mwanamke mmoja asiyetujua kabisa akampakata kitindamimba hadi akalala.

Tulipofika, msimamizi wa ploti alikuwa ameshafunga koki kuu, lakini maji yalikuwa yameshafanya kazi yake. Yalijaa sinki lililozibwa na lile sufuria, yakafurika jikoni, yakapita sebuleni, yakaingia chini ya vitanda, yakashuka ngazi na kuanza kudondoka kwenye dari la nyumba ya chini. Godoro la watoto lilikuwa limenyonya hadi kati. Mfuko wa unga ulikuwa umegeuka donge. Na mkoba wa mama, uliokuwa sakafuni chini ya kitanda, ulikuwa na mabuyu yote aliyobakiza kwa ajili ya majirani. Rangi ilikuwa imetoka, ikaenea chumba kizima, ikapita chini ya mlango, ikaacha mstari mwekundu hadi barazani. Mtoto wa jirani aliuona akakimbia akidhani ni damu.

Hatukudeki peke yetu. Wanawake wa ghorofa yetu walikuja na matambara na mabeseni, wa chini, ambaye dari lake lilikuwa likivuja, akaja na ufagio wa kusukumia maji, na hakutoa neno la lawama. Ukoko, nao, ulikuwa umelowa vizuri, ukatoka kwa kidole. Tulimwaga sabuni kwa wingi ili rangi ya mabuyu itoke kwenye vigae, tukasukuma yote hadi kwenye bomba la barazani.

Mama alikuwa amesimama hapo akitazama maji yenye mapovu mekundu yakianguka kutoka ghorofa ya tatu hadi kwenye mtaro. "Mtaro huu unakwenda wapi, mwanangu?" Nikamwambia unateremka bondeni, hadi Mto Ruiru. "Na Ruiru?" Athi, nikasema. Akatikisa kichwa polepole. "Basi yanakuja kwangu." Hakusema kwa hasira. Aliyatazama kama mtu anayewatambua jamaa wabaya wakiingia uani, kisha akachukua tambara na kurudi kazini.

Tangu hapo nimeuchunguza mtaro ule. Mtaa wetu umejaa ghorofa ambazo hazijaunganishwa na bomba la maji taka. Mashimo hujaa, na mvua ikija yanafurika kimya kimya kuelekea bondeni. Nairobi iliyo jirani ina hali hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Huko chini, mahali Mto Thwake unapoingia Athi, linajengwa Bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018, na maji yake yamekusudiwa kunywewa na watu wa Makueni, Kitui na Machakos. Mto ni mmoja kuanzia sinki la Ruiru hadi wavu wa mvuvi wa Malindi. Kila mmoja wetu anaujua kwa jina la kwake, na ndiyo maana hakuna anayeona kuwa ni wake.

Kwa hiyo naziomba serikali za Nairobi, Kiambu na Machakos zikae mkeka mmoja kuhusu mto huu, na ziungane na Kilifi, kaunti ya Malindi, maana ndiyo inayopokea. Mwenye ploti asipewe kibali cha ghorofa nyingine kabla ya maji taka yake kuwa na njia halali. Pesa tunayolipa langoni Fourteen Falls ianze kuonekana kwenye usafi wa ukingo, vyoo na vizuizi vya kuwakinga watoto. Nawe msomaji unayelala Kiambu na kuamkia Nairobi, mgeni wako ajaye mpeleke Fourteen Falls ukaone ulichonacho. Kabla hujatoka, funga mifereji yote, na uteremke ukaangalie mtaro wa ploti yako unamwaga wapi.