Jinsi ya Kununua Pikipiki ya Porini na Kulala Chini Yake

Anza na uzito. Wenye wivu watakuambia porini huendwa na pikipiki nyepesi, na watakutajia Honda CRF300L, kilo 142 hivi, injini ya siisii 286. Wasikutie unyonge. Mtu mwenye hadhi hununua BMW R 1250 GS, kilo 249 kabla hajaning'iniza masanduku ya aluminiamu ubavuni, kisha hushika njia ya Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron. Ikilala mchangani huko mbele ya Engaruka utapata nafasi nzuri ya kuutazama Ol Doinyo Lengai, mita 2,962 za mlima, huku vijana wa Kimaasai wakishauriana kama wakusaidie kuinua au waendelee na mbuzi wao.

Kiti kiwe juu, ncha za vidole tu ziguse chini. Kwenye sakafu ya duka hiyo haina shida. Porini utasimama pembeni ya korongo, utashusha mguu, na ardhi utaikuta sentimita kumi chini ya ulipoitarajia.

Helmeti tafuta ya mtumba. Ndani yake kuna povu gumu lililotengenezwa kupondeka mara moja ili kichwa kisipondeke, na muuzaji hana sababu ya kukuambia kama mara hiyo imeshapita. Zile za porini, zenye kidevu kilichochomoza ili mtu apate pumzi, ukingo wa kukinga jua na nafasi ya miwani ya vumbi, waachie wanaopenda kuona waendako.

Jaketi liwe la ngozi, jeusi, zito. Ngozi husaidia sana mtu anayeburuzwa juu ya lami, na lami umeiacha nyuma. Huku utaanguka polepole, juu ya jiwe au kisiki, mahali ambapo fulana nyepesi yenye vikinga vya kifua, viwiko na mabega ingetosha na upepo ukapita. Joto la Natron hupita nyuzi 40. Utapendeza kwenye picha.

Sasa miguu, ambako fedha hazifiki kamwe kwa sababu zimeishia kwenye masanduku. Pikipiki ikilala, kitu cha kwanza kilicho chini yake ni mguu wako, na mwenye mguu huo kwa kawaida ameutanguliza mwenyewe akidhani atazuia kilo zote zile. Buti za enduro zina vibao vya plastiki kwenye muundi, na kifundo kimeshikwa kisipinde kwenda upande ambao hakikuumbwa kupinda. Ni ngumu, ni ghali, na siku ya kwanza hata gia huisikii. Kwa hiyo vaa raba. Kikinga magoti nacho kina mikanda inayokera, kiache nyumbani.

Tairi acha lile lililokuja na pikipiki, la vijino vifupi, na ulijaze upepo hadi ukilipiga lilie kama ngoma. Wanaopunguza upepo mchangani ili tairi litanuke na kushika ni watu wasio na haraka. Mmoja wao atakupita: kijana wa bodaboda, Boxer yake imebeba kreti mbili za soda na mama mwenye mtoto mgongoni. Atakupa pole, na atakuwa anamaanisha. Usimuulize chochote.

Mkono wa klachi ukaze kwa nguvu zako zote. Ukiulegeza kidogo, siku ya kuanguka utazunguka tu kwenye usukani na safari iendelee, na hapo hutakuwa na cha kusimulia. Ukikazwa, utakatika. Wa Boxer ungeupata kwenye duka la spea la mji wowote mdogo. Wako utaulizia Arusha, na Arusha wataulizia mbali zaidi.

Basi utatembea. Hapo ndipo raba zitakapolipa, maana kwa buti za enduro mtu hamalizi kilomita mbili bila kumlaani aliyezibuni. Ilimradi mguu wenyewe bado unakanyagika.