Mikasa ya Namba za Protini

Kila protini inayoingizwa katika kanzidata ya UniProt hupewa namba ya utambulisho, ambayo kwa kweli ni herufi na tarakimu zilizochanganywa: sita kwa zile za zamani, kumi kwa nyingi za siku hizi. Protini p53, inayosaidia kuzuia seli zisigeuke saratani, ni P04637 kwa binadamu. Humo humo UniProt inaitwa pia P53_HUMAN. Jeni yake ni TP53, ambayo kanzidata ya jeni ya Ensembl imeiandika ENSG00000141510, na umbo la protini yenyewe likiwa limeshikamana na DNA limewekwa katika Benki ya Data ya Protini, yaani PDB, kwa jina la 1TUP. Mtu mwenye majina mengi hivyo mtaani angeshukiwa kuwa anakimbia madeni. Kuna programu ambayo kazi yake ni kuyaoanisha majina hayo: orodha inaingia kwa jina moja, inatoka kwa jina jingine. Kwa maelezo, ni kazi ya dakika mbili.

Balaa huanza kabla programu haijafunguliwa. Orodha nyingi hutoka kwenye Excel, na Excel ina mapenzi makubwa na tarehe. Jeni SEPT2 ikiandikwa humo iligeuka tarehe 2 Septemba, na MARCH1 ikawa tarehe mosi Machi, bila onyo wala samahani. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri na kuzipa majina mapya, SEPTIN2 na MARCHF1. Jina la PDB kama 1E10 nalo huonwa kuwa hesabu, na kisanduku kikaonyesha 1.00E+10, yaani bilioni kumi. Programu ikiulizwa habari za protini iitwayo bilioni kumi, hujibu kwa adabu kwamba haijaiona.

Anayeandika kwa mkono hana nafuu. Kipokezi cha kinga TLR4 ni O00206: herufi O, kisha sifuri mbili. Ajuaye kanuni haangaiki, kwani katika UniProt alama ya kwanza siku zote ni herufi na ya pili ni tarakimu. Asiyeijua huandika sifuri tatu.

Anayetafuta kwa jina la jeni peke yake, bila kutaja spishi, huletewa shehena. Aliyetaka INS, jeni ya insulini, atapata ya binadamu, P01308, pamoja na ya ng'ombe, ya nguruwe na wanyama wengine ambao hawakualikwa. Namba ya spishi ya binadamu, 9606, ndiyo huwafungia mlango.

Mkasa mbaya kuliko yote ni wa kalmodulini. Binadamu ana jeni tatu, katika kromosomu tatu tofauti, zinazotengeneza protini ile ile bila tofauti ya asidi amino hata moja. Zamani zote zilikaa chini ya P62158. Baadaye UniProt ikazitenganisha kuwa P0DP23, P0DP24 na P0DP25. Makala za zamani bado zina namba ile ya kwanza. Basi mtafiti anaingiza majina 100, yanarudi 102, naye anabandika safu hiyo kando ya vipimo vyake bila kuhesabu. Kuanzia kalmodulini kwenda chini, kila protini inabeba vipimo vya mwenzake. Grafu inatoka safi, tena ya kupendeza, na hakuna kompyuta itakayolalamika.

Hata aliyepata namba sahihi anaweza kujikwaa ndani ya mlango. Selimundu, ugonjwa unaojulikana sana Tanzania, hutokana na badiliko moja katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini P68871. Vitabu vya tiba vimezoea kusema glutamati ya nafasi ya 6 hugeuka valini. Mwanafunzi akiifungua nafasi ya 6 katika UniProt anakuta prolini, anaanza kukitilia shaka kitabu, kisha kanzidata, kisha macho yake. Glutamati ipo nafasi ya 7. UniProt huhesabu metionini ya mwanzo, ambayo seli huikata protini inapotengenezwa. Madaktari walianza kuhesabu baada ya hiyo. Hesabu zote mbili ni halali. Anayeandika ripoti ataje tu ameanzia wapi, na kabla ya kubandika chochote ahesabu mistari.