Keki ya Malaika, Sura ya Mawenzi

Wazungu wana keki waiitayo chakula cha malaika: ute wa mayai 12, sukari, unga kiduchu, mafuta hata tone hakuna. Ikiiva huachwa ipoe kichwa chini miguu juu, isije ikanywea. Kumbe malaika wanakula povu.

Basi nami nikaioka hapa Moshi, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Bakuli la kupigia ute lilikuwa bado linakumbuka mafuta ya jana, na povu halisamehe. Nilipoipaka sukari, ikashika upande mmoja; upande wa pili magenge matupu. Kati ya vilele vya Kilimanjaro nilikusudia Kibo, nikapata Mawenzi, yule wa hadithi za Wachaga aliyezoea kuomba moto kwa Kibo hadi akatwangwa kwa mchi.

Viini 12 alivikaanga shemeji, akasifu sana keki.

Mama mkwe alionja, akatafuna kwa heshima, akauliza: "Na ndafu inaingia saa ngapi, mwanangu?"

Uchagani keki ya sherehe ni mbuzi mzima wa kubanikwa, majani mdomoni. Huyo akipoa hanywei.