Usukani wa Kaiti Sebuleni

Kaskazi ikishakata na kusi haijaingia, masika huwakalisha ndani walimu wa kaiti za baharini wa Paje, Zanzibar, na mwanamume aliyekosa upepo ni wa kuchungwa. Safari hii bwana wangu alirudi na usukani uliochakaa: ile fimbo ya kama nusu mita anayoishika mchezaji kwa mikono miwili, kaiti ikiwa angani kwenye kamba za mita 20 na ushei.

“Mpya ni mamia ya dola,” akasema. “Huu nautengeneza kwa elfu kumi.”

Alianzia panapoonekana. Sponji ya kushikia ilikuwa imebanduka, imeliwa na jua na chumvi. Akaikwangua kwa kisu changu cha samaki, akapaka gundi ya mafundi viatu. Gundi ile haitaki pupa: unapaka pande zote mbili, unaiacha mpaka ukiigusa hainati kidoleni, ndipo unabandika. Yeye alibandika sponji mpya gundi ikiwa mbichi, akaulaza usukani juu ya mkeka wangu wa ukindu, akaenda zake kuswali isha. Kulipokucha, usukani na mkeka vilikuwa kitu kimoja. Mama mkwe akavitazama vyote viwili, akauliza, “Mwanangu, na mkeka nao utaruka?”

Zikafuata kamba. Kaiti hufungwa kamba za Dyneema, nyembamba, zinazoteleza, na kwa uzito ule ule zina nguvu kuliko waya wa chuma. Mkasi wangu wa kushonea, ambao hata karatasi haukati kwa amri yangu, ulizitafuna weee, ukatoka na pengo. Akawasha kiberiti. Dyneema huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, kwa hiyo ncha ilijikunja ikawa kidonge kigumu kisichopenya popote.

Kisha akataka kuzipima. Kaiti yake ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma ikiwa juu na kukosa nguvu, na sababu yake inajulikana: kamba za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, basi zinavutika kuliko za nyuma, na hitilafu ya upana wa kiganja tu inatosha kuiharibu kaiti nzima. Ili kuzilinganisha unazifunga zote pahala pamoja, unazikaza sawasawa, halafu unasogeza mafundo ya kwenye usukani. Lakini nyumba yetu haina urefu huo. Akazifunga kwenye nondo za dirisha la sebuleni, akazipitisha ukumbini, zikatokea mlango wa uani hadi kwenye mnazi wa jirani. Siku nzima tulitembea tumeinama.

Mama mkwe akaona neema. Bwana wangu alipotoka kwenda kuomba koleo, mashuka mawili mabichi yakaanikwa. Aliporudi, alisimama upande wa mnazi akivuta, akapima, akakuta kamba moja imepungua ghafla. Akafungua mafundo, akafunga upya, akapima tena, akafungua. Magharibi ilimkuta bado anahesabu, na mashuka yamekauka.

Aliyetuokoa ni baba mkwe, mvuvi mstaafu. Sponji hakuitazama hata kidogo. Aliusukuma usukani juu, akaifunua kamba ya katikati pale inapopita tunduni, ambapo kila usukani unapopanda na kushuka mchanga huisaga. Nyuzi zilikuwa zimesimama kama manyoya ya kifaranga.

“Hapa ulipafanya nini?”

“Nilikuwa nipige fundo, baba.”

“Fundo kwenye kamba kama hii linakula nusu ya nguvu zake. Lete mpya.”

Akakunja waya mwembamba, akauchomeka ndani ya msuko wa ile kamba mpya, akanasa ncha na kuivuta ndani kwa urefu wa shibiri, pakabaki kitanzi mwishoni. Kamba ya namna hiyo ina uwazi ndani. Ukiivuta, msuko hujikaza na kuibana ncha, na ukizidi kuvuta inazidi kubana. Akaikanyaga kwa mguu, akaivuta kwa mikono yote miwili. Haikutoka.

Bwana wangu, kwa kutiwa moyo, akachukua bisibisi aende kwenye kifyatulio, akiwa na springi ya kalamu mkononi. Mimi na mzee tulipiga kelele kwa pamoja. Kifyatulio ndicho kinachomtenganisha mtu na kaiti inapomburuta kuelekea kwenye mawe. Hicho kikichoka kinanunuliwa, hakijaribiwi.

Tulipofanya hesabu, ile elfu kumi ilikuwa imezaa mkasi, mkeka na kifyatulio kipya. Kilichoshughulikiwa kwanza kilikuwa kile kinachoguswa na kiganja. Kinachomshikilia mtu roho yake kilisubiri mpaka mzee alipopita. Sasa chochote kinacholetwa kutengenezwa kinapitia kwa baba mkwe kwanza. Mkasi mpya unalala chumbani kwa mama mkwe, naye kwa ulinzi huo amedai malipo: zile kamba za zamani, zifungwe uani moja kwa moja, kwani anasema tangu aolewe hajapata kuanika mashuka yakakaa sawa namna ile.