Huku Hata Kushangaa Kuna Sarufi

Barcelona, Agosti

Kwenu nyote wa Chumbageni, Tanga,

Dhumuni la barua hii ni kumjibu Shangazi, anayetaka kujua ni kelele gani zile anazozisikia nyuma yangu kila nikipiga simu, na kama ni moto, kwa nini sikimbii. Shangazi, hakuna moto. Ni majirani wanashangaa.

Kwanza nisahihishe habari za barazani. Nasikia Mjomba amewatangazia watu kwamba najifunza Kihispania. Kihispania kila mtu anakijua huku, lakini lugha ya wenyeji ni Kikatalani, na ukithubutu kukiita lahaja ya Kihispania, kahawa utajinunulia mwenyewe. Ni lugha kamili, mtoto wa Kilatini kama walivyo Kifaransa na Kiitaliano. Inazungumzwa Katalonia, Valencia, visiwa vya Balearic, kipande cha kusini mwa Ufaransa, mji wa Alghero kule Sardinia, na Andorra, ambako ndiyo lugha rasmi pekee. Chini ya utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, tangu 1939 hadi 1975, ilifukuzwa shuleni na maofisini. Sasa imerudi, na wenyewe hawainong'onezi.

Turudi kwenye kelele. Agosti ya hapa ina joto la kunata, lile lile la Tanga kabla masika hayajaanza. Mimi naliona la kawaida. Wenzangu wanaliona msiba. Asubuhi dukani kwa mama muuza mkate, mteja wa kwanza anaingia: “Quina calor!” Joto gani hili! Wa pili: “Quina calor que fa!” Wa tatu, mzee wa ghorofa ya chini, anatafuta neno lenye jasho zaidi: “Quina xafogor!” Mama anawajibu wote: “I tant!” Yaani haswa! Halafu wananunua mkate na kuondoka wameridhika kabisa. Hakuna aliyempa mwenziwe habari. Joto wote walikuwa nalo mwilini tangu usiku.

Mwalimu wangu wa Kikatalani anasema huo ndio msingi wenyewe. Sentensi ya mshangao haileti habari mpya. Inachukulia kwamba jambo mnalijua nyote, kisha inaongeza kitu kimoja tu: limepita kipimo. Wanaisimu Raffaella Zanuttini na Paul Portner waliandika mwaka 2003 kwamba anayeshangaa huitanua ngazi ya kawaida, kwa sababu jambo alilokutana nalo limetokea nje ya ngazi hiyo. Na mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Barcelona, Elena Castroviejo alitoa tasnifu nzima ya udaktari juu ya sentensi hizi za Kikatalani. Mjomba, ulimcheka binamu yangu kwa kwenda chuo kusomea samaki. Huku mtu anasomea “lo!” na anatoka daktari.

Ushahidi wa nadharia hiyo uko mtaani. Huku wana mchezo wa kujenga minara ya watu, mtu juu ya mabega ya mtu, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2010 kuwa urithi wa binadamu. Juu kabisa hupanda mtoto, naye akinyoosha mkono mnara umetimia. Sasa mgeni aliyesimama karibu nawe akiuliza mnara una ghorofa ngapi, unamjibu tisa. Huwezi kumjibu “Que alt que és!”, jinsi ulivyo mrefu! Atakutazama kama wewe ndiye uliyeanguka kutoka juu. Mshangao haujibu swali. Wala haukanushiki: “Que alt que no és!” ni sentensi ambayo mwalimu aliipiga mstari mwekundu kabla hajamaliza kuisoma.

Hapo nikanyoosha mkono, maana heshima ya Tanga ilikuwa hatarini. Nikamwambia kwetu ukanushi unashangaza bila taabu: “Mtoto huyu asivyosikia! Asivyo na haya!” Mwalimu akafikiri, akasema wao kwa mtu wa namna hiyo husema “Quina poca vergonya!”, haya ndogo gani hiyo! Yaani hawakanushi, wanapima haya na kuikuta haijai kijiko. Nikaona tumetoka sare.

Miundo yenyewe iko mingi, nawapeni ile ya kuwatosha barazani. Ukishangaa jina, unatanguliza *quin* au *quina*, kama *gani* yetu, ambayo nayo ni ya swali na ya mshangao kwa mshahara mmoja. Ukitaka kuongeza sifa nyuma ya jina, lazima upitishe *més* au *tan*: “Quina casa més gran!” Hiyo *més* ni “zaidi”. Nyumba gani kubwa zaidi! Najua Mjomba atauliza, zaidi kuliko ipi? Kuliko hakuna. Ni zaidi isiyodaiwa na mtu.

Ukishangaa sifa yenyewe, unaibana katikati ya *que* mbili: “Que bonica que és!” Alivyo mzuri! Au, kama una muda na pumzi, unasema “Que n'és, de bonica!” Hapo sifa imesukumwa mpaka mwisho, na ile *n'* imekaa mbele ya kitenzi kuishikia nafasi. Msikilizaji anajua kuna kitu kinakuja lakini hajui kama ni uzuri au ujinga, maana “Que n'és, de ruc!” huanza hivyo hivyo na huishia kwa punda. Nimewaona watu wakikunja uso na kuukunjua ndani ya sentensi moja.

Sisi kazi yote hiyo tumeipa *-vyo-*. Anavyoimba, walivyojaa, ulivyonenepa! Silabi moja tunaichomeka ndani ya kitenzi na mgeni anakosa raha mwezi mzima.

Kwenye mvua ndiko kuna mtego. “Com plou!” ni inavyonyesha! “Que plou!” ni onyo: jamani, mvua hiyo, anueni nguo! Na “Que plou?” ni swali: kwani mvua inanyesha? Ukiandika utaona alama. Ukisikia kutoka dirishani kwa jirani, una sauti yake tu ya kukuokoa. Siku ya mvua mtaa mzima unatoa hizo tatu kwa pamoja, na nguo zinalowa wakati watu bado wanachambua sarufi.

Alama nazo zina siasa yake. Waandishi wa Kihispania hutia alama ya mshangao mbele ya sentensi, imesimama kichwa chini, kisha nyingine mwisho. Institut d'Estudis Catalans, chombo kilichoundwa 1907 ambacho leo ndicho kinacholinda kanuni za Kikatalani, kinapendekeza ile ya mwisho tu. Kwa hiyo Mhispania anakuonya mapema kwamba atashangaa, na Mkatalani anakuacha mpaka mwisho. Pompeu Fabra, aliyeongoza kuisanifisha lugha hii tangu kanuni za tahajia za 1913 hadi kamusi yake ya 1932, alikuwa mhandisi kwa masomo. Ndiyo maana, nadhani, hata mshangao wao umefungwa nati.

Msidhani kila kushangaa ni kusifu. Treni ya vitongoji ikichelewa, abiria anatazama ubao wa saa na kusema polepole: “Que bé!” Uzuri ulioje! Kanuni ni ile ile, jambo wote wanaliona na limepita kipimo, ila kipimo chenyewe kimepinduliwa. Jirani yake kwenye benchi anamjibu “Déu n'hi do”, maneno ambayo wenyewe huyatumia kwa chochote kilichokuwa kingi kidogo, iwe chumvi, kodi ya pango au wajomba.

Nimeishi hapa kiasi cha kutoa hukumu. Watu hawa hawapigi kelele kwa kuwa hawajui kunyamaza. Wanapashana kwamba wako pamoja ndani ya jambo lile lile. Anayenunua mkate kimya anahudumiwa vizuri na kuagwa kwa adabu. Anayesema “Quina calor!” anaulizwa hali ya mama yake. Tangu nilipoanza kuisema, mama muuza mkate ananifungia na andazi la jana bila kunidai, na mzee wa ghorofa ya chini ananisubiri mlangoni ili tulalamike pamoja, ingawa mimi joto hili moyoni nalipenda.

Basi Shangazi, nikirudi na ukanipokea stendi kwa “Ulivyokonda!” mbele za watu, sitanuna tena. Nitajua hukunipa habari, maana kioo ninacho. Nitakujibu “I tant!” na tutakwenda kula.

Nanyi mnaopanga kuja mwakani, jifunzeni mawili tu. Mkifika Agosti semeni “Quina calor!”, mkifika Januari semeni “Quin fred!”, na mtapokewa kama wenyeji. Kuhusu viza, hakuna mshangao wa lugha yoyote unaoisaidia. Anzeni kupanga karatasi mapema.