Panya Aliyeuza Piza

Mwaka 1977 Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa Atari, alifungua mgahawa wa Pizza Time Theatre mjini San Jose, California, nyumbani kwa panya wa mashine aitwaye Chuck E. Cheese. Piza ilichaguliwa kwa busara ya mfanyabiashara: huchelewa kuiva, na mtoto anayesubiri huilisha mitambo ya michezo fedha ya baba yake. Panya aliimba huku kope zikikwama; watoto wakaangua kilio. Kampuni ilifilisika 1984, ikanunuliwa na mshindani wake. Ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba masanamu ya mashine yangeondolewa katika karibu matawi yake yote, waliolia safari hii walikuwa watu wazima, bila shaka wakiwemo waliowahi kujificha chini ya meza. Piza haikuliliwa na mtu.